Kitaliano na Mvinyo: Je, Ni Lazima Viandamane?

Hapana mji katika mwambao wetu uliokizoea Kitaliano kama Malindi. Mtu apitaye sokoni, au katika njia iendayo ufuoni, husikia salamu za kigeni zikitoka vinywani mwa watoto ambao hata chuoni hawajahitimu. Muuza vinyago hutaja bei kwa Kitaliano, mwenye tuktuk hupatana nauli kwa Kitaliano, na mvuvi aliyeshusha kamba wake asubuhi hajambo kidogo katika kuwasifu kwa lugha hiyo hiyo. Mambo haya yana umri. Kituo cha Wataliano cha kurushia setilaiti huko Ngomeni kilirusha chombo chake cha kwanza mwezi wa Aprili 1967. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ambayo Kenya ilikuwa ikitimiza miaka saba ya uhuru, kilirushwa kutoka baharini mwetu chombo cha kuchunguza nyota ambacho kilipewa jina la Kiswahili, nalo ni Uhuru. Watalii nao wakafuata, kisha wenye mahoteli, kisha wanunuzi wa viwanja, mpaka Kitaliano kikawa kama lugha ya nyumba ya pili.

Sasa limezuka jambo ambalo naona halina budi kuzungumzwa katika ukurasa huu. Siku hizi wengi wanaokinadi Kitaliano, huko kwao na hata huku kwetu, hukinadi kwa vitu vitatu: kitabu, sinema na mvinyo. Husema kwamba mwanafunzi hataijua roho ya Mtaliano mpaka asome washairi wake, atazame sinema zake, na akae naye mezani chupa ikiwa kati yao. Kwa Mkristo wa Ulaya maneno hayo hayana tabu. Kwa kijana wa Kiislamu wa Malindi, Watamu, Mombasa au Lamu, hicho cha tatu ni mwiba. Ndipo wazee wetu wengine wakasema: Kama lugha yenyewe ina chupa ndani yake, basi na iachwe. Na vijana wengine wakajibu: Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mimi nasema kwamba pande zote mbili zimekosea, na nitaeleza kwa nini.

Kijana mmoja wa mtaani kwetu, aliyekuwa akihudumu hotelini kwa miaka kadhaa, aliniambia, "Ami, wao wenyewe husema asiyeijua divai hawezi kuwajua wao."

Nikamwuliza, "Na wewe, mwanangu, katika miaka yote hiyo umesoma kitabu gani cha Kitaliano?"

Akacheka. "Kitabu, Ami? Mimi nilikidaka kwa masikio tu."

Naam, hapo ndipo penye ugonjwa wetu. Vijana wetu wengi wamekidaka Kitaliano kwa masikio, na ninawasifu kwa wepesi wao, kwani si kila mtu aweza kujifunza lugha ya watu pasi na mwalimu wala ubao. Walakini Kitaliano hicho ni cha kuagizwa na kuagizia. Lete, chukua, ngoja, bei gani, rafiki yangu, kesho njoo. Mwenye lugha ya namna hiyo hutumwa, hapewi kazi ya kuandika barua wala kutafsiri hati, wala hawezi kubishana na mwenye mali kwa hoja. Nimewahi kuletewa na jirani waraka wa kiwanja ulioandikwa kwa Kitaliano, akiniomba nimwambie umesema nini. Alikuwa amezungumza na kucheka na mnunuzi wake kwa muda mrefu, na lugha aliijua mdomoni vizuri kuliko mimi. Lakini alikuwa amekwisha kutia sahihi, na hakujua kusoma hata mstari mmoja. Haja tuliyo nayo basi ni ya kitabu. Gilasi hazikupungua Malindi hata siku moja.

Na kitabu hicho si kigumu kwetu kama watu wadhanivyo. Maneno ya Kitaliano karibu yote huishia kwa irabu, kama yetu. Herufi za irabu ni zile zile tano, na neno husomwa kama lilivyoandikwa, tofauti na Kiingereza ambacho huandika hivi kikasema vile. Zaidi ya hayo, Kitaliano kina jamaa zetu ndani yake. Wao husema *zucchero* nasi twasema sukari. Wao *zafferano* nasi zafarani. Wao *limone* nasi limau. Neno lao la bei iliyopangwa, *tariffa*, ni ndugu wa taarifa. Ghala kwao ni *magazzino*, na asili yake ni moja na hazina. Forodha yao ni *dogana*, neno lililotoka katika diwani. Dawa tamu ya kunywa ni *sciroppo*, na hiyo ni shina moja na sharubati. Maneno yote hayo yalitoka katika Kiarabu, kama yalivyotoka yetu, na yakavuka bahari mbili mbalimbali.

Yalifikaje huko? Wasomaji waliosoma tarikh watakumbuka kwamba kisiwa cha Sicilia kilikuwa nchi ya Waislamu. Mwaka 827 jeshi kutoka Tunisia ya leo lilishuka Mazara chini ya uongozi wa kadhi wa Kairouan, Asad ibn al-Furat, ambaye alikuwa mwanachuoni kabla ya kuwa amiri. Palermo ikaingia mikononi mwao mwaka 831, ikawa mji wa misikiti na mabustani. Wanormani waliiteka Sicilia baina ya mwaka 1061 na 1091, lakini hawakuwafukuza wanavyuoni mara moja. Mfalme Roger wa Pili alimweka kwake Sharif al-Idrisi, naye akamaliza mwaka 1154 kile kitabu chake mashuhuri cha jiografia. Ndani ya kitabu hicho, kilichoandikwa Palermo, mna habari za pwani ya Zanji, na majina ambayo wataalamu huyasoma kuwa ni Malindi na Mombasa. Ndiyo kusema kwamba karne nyingi kabla ya mtalii wa kwanza kulala Malindi, mji huu ulikuwa umeandikwa katika ardhi ambayo leo ni Italia, tena kwa kalamu ya Muislamu.

Nageukia fasihi. Mshairi wao mkuu ni Dante Alighieri, aliyezaliwa Firenze mwaka 1265 akafa uhamishoni Ravenna mwaka 1321. Utungo wake mkubwa wasimulia safari ya kupitia Jahannamu, mahali pa kutakasiwa, na Peponi. Mtu wa tenzi hatapata tabu kuufahamu ufundi wake. Utenzi wetu una vipande vinne vya mizani nane nane, na kina cha mwisho ndicho kinachofunga beti zote. Ubeti wa Dante una mishororo mitatu, kila mshororo mizani kumi na moja, na kina cha mshororo wa kati ndicho kinachozaa vina vya ubeti ufuatao, kama mnyororo. Ajuaye vina na mizani tangu utotoni anaingia katika nyumba hiyo kwa mlango wa mbele.

Lakini tusifichane. Dante alimtukuza Ibn Sina, Ibn Rushd na Salahuddin kwa kuwaweka pamoja na watu wema wa kale, mahali pasipo adhabu ya moto. Na katika sehemu ya 28 ya kitabu chake cha Jahannamu alimtaja Mtume wetu, Sala na Amani zimshukie, pamoja na Sayyidna Ali, kwa namna ambayo kalamu yangu haitaiandika. Muislamu asomaye Dante ni lazima alijue jambo hilo mapema, asije akalikuta peke yake na moyo wake ukavunjika. Alijue pia lile la pili. Mwaka 1919 mwanachuoni wa Kihispania, Miguel Asín Palacios, ambaye alikuwa padri, alitoa kitabu akisema kwamba safari ya Dante imefanana mno na masimulizi ya Kiislamu ya Miiraji. Wakamkatalia wengi, hasa Wataliano. Baadaye, mwaka 1949, Mtaliano Enrico Cerulli alichapisha tafsiri ya zamani ya kitabu cha Miiraji iliyofanywa mwaka 1264 huko Hispania na mtu wa Siena, kabla ya Dante kuzaliwa. Wataalamu wangali wanabishana kama Dante alikiona kitabu hicho, na mimi sina la kukata. Lakini sisi tusomao Miiraji kila mwezi 27 Rajabu, na wenye tenzi za Miiraji kwa Kiswahili, twapaswa kuwa miongoni mwa wabishanaji. Kwa nini tuwaachie wengine mazungumzo ambayo mada yake imetoka nyumbani mwetu?

Na huyo Cerulli ana deni jingine kwetu, au sisi kwake. Alikuwa mtumishi mkubwa wa ukoloni wa Kitaliano katika Ethiopia, hilo tusilisahau. Hata hivyo ndiye aliyechapisha Kitabu cha Zunuji, tarikh ya pwani yetu iliyoandikwa kwa Kiarabu, katika mkusanyo wake wa maandishi juu ya Somalia uliotoka Roma mwaka 1957. Aliitolea Kiarabu chake pamoja na tafsiri ya Kitaliano. Msomi wa Mombasa anayetaka kuchunguza jinsi tarikh hiyo ilivyofasiriwa hana budi kukijua Kitaliano. Habari za babu zetu zimewekwa katika sanduku, na ufunguo wake ni lugha hiyo.

Tena fasihi ya Kitaliano leo haitungwi na Wataliano wa asili peke yao. Yuko Bi. Igiaba Scego, aliyezaliwa Roma mwaka 1974 na wazazi wa Kisomali waliokimbia baada ya mapinduzi ya 1969, na ukoo wa babake ni wa Barawa, mji ambao wenyeji wake husema Chimiini, ndugu wa Kiswahili chetu. Mwaka 2010 alitoa kitabu juu ya maisha yake, ambacho jina lake lina maana ya kwamba nyumba yake ni pale alipo. Yuko na Bi. Cristina Ali Farah, ambaye riwaya yake *Madre piccola* ilitoka mwaka 2007. Hawa ni watoto wa pwani ile ile ya Bahari ya Hindi, na wanaandika kwa Kitaliano habari za vita, ugeni na akina mama waliotawanyika. Na kwa apendaye habari za bara, yuko Felice Benuzzi, mfungwa wa vita wa Kitaliano aliyetoroka kambini Nanyuki mwaka 1943 pamoja na wenzake wawili, wakaupanda Mlima Kenya, kisha wakarudi kambini kwa miguu yao. Kitabu chake, *Fuga sul Kenya*, kilitoka mwaka 1947. Kijana wetu akianza na hicho atakutana na milima anayoijua.

Sinema nayo ni mwalimu mwema, kwa sababu hufundisha sikio na jicho pamoja. Ningeulizwa ianzwe ipi, ningesema *Ladri di biciclette* ya Vittorio De Sica, ya mwaka 1948. Ni kisa cha maskini wa Roma aliyepata kazi ya kubandika matangazo, kwa sharti awe na baiskeli. Siku ya kwanza baiskeli ikaibwa. Yeye na mwanawe mdogo wanauzunguka mji mzima kuitafuta, mpaka baba mwenyewe akashawishika kuiba ya mwenziwe, akakamatwa mbele ya mtoto. Aliyecheza baba hakuwa mwigizaji, alikuwa mfanyakazi wa kiwanda. Hapana mtu wa Majengo au Kisauni atakayehitaji kuelezwa maana ya kazi inayotegemea chombo kimoja. Maneno yake ni mepesi: kazi, mwizi, mwanangu, twende. Na humo Mtaliano utamwona akiwa na njaa na aibu, jambo ambalo wengi wetu hatujapata kuliona, kwa kuwa anayetujia sisi ni yule mwenye fedha.

Iko na sinema ya *Lion of the Desert*, ya Moustapha Akkad, iliyotoka mwaka 1981, juu ya Omar al-Mukhtar, yule mwalimu wa Kurani wa Libya aliyepigana na Wataliano mpaka wakamnyonga mwezi wa Septemba 1931. Hiyo ni ya Kiingereza wala si ya Kitaliano, lakini naitaja kwa sababu serikali ya Italia iliizuia mwaka 1982 ikisema yavunja heshima ya jeshi, na haikuonyeshwa katika televisheni ya huko ila mwaka 2009. Utamaduni wa taifa ni pamoja na mambo ambayo taifa hilo halitaki kuyatazama. Mwanafunzi mwema huyasoma yote mawili. Na ya karibu ni *Io capitano* ya Matteo Garrone, ya mwaka 2023, juu ya vijana wawili wa Senegal wanaovuka jangwa na Libya wakiitafuta Italia. Sehemu kubwa wanasema Kiwolofu. Ni vijana wa Kiislamu, wanaomwomba Mola wao njiani. Mzazi anayemwona mwanawe akiota Ulaya usiku na mchana na amkalishe mbele ya sinema hiyo.

Sasa nifike kwenye mvinyo. Sikatai kwamba kwa Mtaliano mvinyo ni jambo kubwa. Umo katika mashamba yake, katika meza yake ya mchana, katika kanisa lake na katika mithali zake. Asiyejua hayo hatafahamu nusu ya mazungumzo. Lakini kujua ni kitu kimoja, na kunywa ni kitu kingine. Nani katika sisi hajui habari za tembo la mnazi, jinsi linavyogemwa, linavyochacha, na linavyonunuliwa? Twajua yote hayo pasipo kulitia mdomoni. Na ushahidi mkubwa zaidi umo katika masomo yetu wenyewe. Wanafunzi wa Kiarabu cha juu husoma zile Muallaqat za zama za Jahiliya, na ile ya Amr ibn Kulthum huanza kwa kuagiza mvinyo. Husoma habari za Abu Nuwas, na kasida ya Ibn al-Farid ambamo mvinyo ni mfano wa mapenzi ya Mungu. Masheikh wetu wamezifasiri beti hizo neno kwa neno, wakizijua sifa za gilasi na rangi ya kilichomo, na hapana aliyewahi kusema kwamba hawakukijua Kiarabu kwa kuwa hawakuonja. Iweje basi sharti hilo lizuke kwa Kitaliano?

Hata mvinyo wenyewe una kisa cha kutufurahisha. Mojawapo ya mvinyo maarufu wa Sicilia huitwa Marsala, kwa jina la mji utokako. Jina hilo asili yake ni Kiarabu, nalo lina neno marsa, yaani bandari. Na aliyeanza kuuza mvinyo huo kwa wingi ng'ambo, mwaka 1773, alikuwa Mwingereza. Kwa hivyo jina ni la Mwarabu, biashara ni ya Mwingereza, na zabibu ni za Msicilia. Mtu ajifunzaye hayo amejifunza utamaduni, na koo lake limebaki kavu.

Jambo hili si la mzaha kwa kijana wa hotelini. Dini yetu haikukataza kunywa peke yake. Imekataza pia kuuza na kumimina. Vijana wangapi hushika kazi ya kuzungusha chupa kwa sababu Kitaliano chao hakiwafikishi mbali zaidi ya meza? Mwenye kukisoma na kukiandika aweza kuwa karani, mwongozaji wa wageni katika magofu ya Gede, mfasiri wa mahakamani, au mwalimu. Aweza hata kuwa mpishi mwenye kujilinda, maana atajua kwamba *maiale* ni nguruwe, *strutto* ni mafuta yake, na kwamba wali wao uitwao *risotto* aghalabu hutiwa mvinyo jikoni bila ya mlaji kuambiwa. Anayeogopa lugha kwa ajili ya dini yake na akumbuke kwamba asiyeijua ndiye alishwaye haramu bila ya habari.

Tuwatazame wao wanavyofanya na lugha yetu. Huko Napoli, katika chuo kikuu kiitwacho L'Orientale, Kiswahili kimefundishwa miaka mingi. Bi. Elena Bertoncini, aliyekuwa mwalimu huko, alitoa mwaka 1989 kitabu kizima juu ya fasihi ya Kiswahili. Wanafunzi wake walizisoma tenzi zetu, zinazoanza kwa Bismillahi na kumalizika kwa dua, na hapana aliyewaambia kwamba hawataelewa mpaka watie udhu. Walisoma, wakafahamu, wakabaki na dini yao. Nasi tusome, tufahamu, tubaki na yetu.

Shauri langu kwa wazazi na walimu wa Malindi ni jepesi. Penye vijana kumi waliokidaka Kitaliano kwa masikio, na wakusanywe watafutiwe mwalimu wa kusoma na kuandika. Kazi ya ulimi wameshaimaliza, iliyobaki ni kazi ya jicho na mkono. Vitafutwe vitabu vichache, sinema chache zitazamwe na kuzungumzwa, na hati za kweli zisomwe, za kazi, za nyumba na za viwanja, mpaka asiwepo mtoto wetu wa kutia sahihi asichokielewa. Na mwalimu akija na chupa, aambiwe kwa adabu kwamba kwetu somo hilo la tatu husomwa kitabuni.